Miaka Tisa ya Muda

Katika tawi la benki pale Makambako hapakuwa na mtu aliyedumu kumzidi Esnath Mligo, mfanya usafi. Ndani ya miaka tisa alikuwa amewapokea mameneja watano na kuwaaga wanne. Alijua mlango upi hukwama wakati wa masika, bomba lipi la chooni huunguruma kabla maji hayajakatika, na meneja yupi alikuwa akificha biskuti nyuma ya mafaili. Mtumishi mgeni akihamishiwa pale kutoka Dodoma au Mbeya, siku ya kwanza alitembezwa na meneja, na siku ya pili alimfuata Esnath kuuliza yale ambayo hakuyaelewa.

Kwenye karatasi, hata hivyo, Esnath alikuwa mfanyakazi wa muda. Tena hakuwa hata wa benki. Mwajiri wake alikuwa kampuni ya wakala iliyoitwa Ng'aro Safi, yenye ofisi Njombe mjini. Kampuni hiyo ilimpa mkataba wa miezi mitatu, na ukiisha ilimpa mwingine wa miezi mitatu. Yeye aliitunza yote katika mfuko wa plastiki chini ya godoro, pamoja na cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha mume wake, fundi seremala aliyefariki mtoto wao akiwa darasa la kwanza. Mtoto huyo, Rejoice, sasa alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni kule Uwemba, na kwa jina lake mtaa mzima ulimwita Esnath mama Rejoice.

Mambo yalianza Jumapili moja ya mwezi wa pili, Esnath alipokuwa akitoka kanisani. Mwenye nyumba wake, Mzee Zubeiri, alimkuta akifungua mlango. Alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya malori, mtu wa Kondoa aliyefika Makambako kijana akazeekea hapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Rejoice. Ibada ilikuwaje?"

"Njema. Upepo tu, umetutoa vilemba."

Mzee akacheka kidogo, kisha akakaa kwenye msingi wa baraza, jambo ambalo hakuwa na mazoea ya kulifanya. "Nauza hii nyumba," akasema. "Mimi na Nasma tunarudi Kondoa. Baridi ya huku imeshamshinda, magoti yamekataa. Yupo mtu wa mbao anaitaka, anasema ataibomoa afanye yadi. Nimemwambia asubiri. Miaka yote uliyokaa hapa sijawahi kukugongea mlango kwa ajili ya kodi. Milioni kumi na nne. Ukiweza, ni yako. Lakini isizidi mwisho wa mwaka."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, baraza lililotazama barabara, na ng'ambo ya barabara hiyo, hatua mia mbili hivi, lilikuwepo jengo la benki. Kwenye kikoba cha akina mama na kwenye mauzo ya viazi vya shamba la Igwachanya, Esnath alikuwa amejiwekea milioni tano. Zilizobaki zilikuwa wapi, hata mtoto angejua. Zilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta aliokuwa akiufuta vumbi kila asubuhi.

Jumatatu, alipomaliza kudeki ukumbi, aliingia katika chumba cha mikopo. Afisa mikopo alikuwa Danford, kijana wa miaka ishirini na saba aliyefika pale mwezi wa kumi na moja, mpole, mwenye tai iliyofungwa vizuri kila siku isipokuwa Ijumaa.

"Shikamoo mama Rejoice. Kapu la taka liko chini ya meza."

"Marahaba. Leo sikufuata taka, mwanangu. Nimekuja kama mteja."

Danford akasimama, akamvutia kiti. Kumbe kile kiti, ambacho Esnath alikuwa amekifuta mara elfu mbili, hakuwahi kukikalia. Akakiona kirefu kuliko alivyodhani.

Danford alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Nyumba ina hati, vizuri. Ana akiba ya theluthi moja, vizuri sana. Mshahara unapita benki hii hii, vizuri zaidi. "Sasa nahitaji kuona ajira," akasema. Esnath akaweka mfuko wa plastiki juu ya meza. Danford akaitoa mikataba, akaipanga, akahesabu. Ilikuwa thelathini na sita. Alisoma wa kwanza, akasoma wa kumi, akasoma wa mwisho, na uso wake ukawa unashuka taratibu.

"Mama, tatizo liko hapa. Kila mkataba umeandika kwamba ajira hii itakoma tarehe fulani."

"Haijakoma hata siku moja."

"Najua. Mimi nakuona. Ila mfumo hausomi wewe, unasoma karatasi. Na kwa karatasi hizi, wewe umekoma mara thelathini na sita."

Esnath akacheka, maana Danford alilisema kwa huruma kabisa. Kisha akaona kwamba kijana hacheki. Mkopo wa nyumba ni wa miaka kumi, akaeleza, na benki haiwezi kumkopesha kwa miaka kumi mtu mwenye kazi ya miezi mitatu. Labda kampuni yake ingemwandikia barua ya kuthibitisha kwamba ajira yake ni ya kudumu. Esnath akashukuru, akanyanyuka, na kwa kuwa alikuwa ameshaingia, akachukua na lile kapu la taka.

Alhamisi aliomba ruhusa, akapanda Coaster ya asubuhi kwenda Njombe. Ofisi ya Ng'aro Safi ilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la pembejeo, na aliyemkaribisha alikuwa dada mmoja aitwaye Ema, aliyekuwa amejifunika shuka la Kimasai mabegani kwa baridi. Ema alimfahamu jina, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiichapa mikataba.

"Barua nitakuandikia, dada Esnath, bila shida. Ila nitaandika kilichomo kwenye mkataba. Nikiandika wewe ni wa kudumu, kesho utadai likizo, keshokutwa kiinua mgongo. Bosi atanifukuza mimi, na mimi mwenyewe ni wa miezi sita."

Kwa hiyo Esnath alirudi Makambako na barua nzuri, yenye nembo na mhuri wa buluu, iliyothibitisha kwa kujivunia kwamba yeye ni mfanyakazi mwaminifu, mchapakazi, mwenye nidhamu ya hali ya juu, na wa muda. Danford aliisoma, akaiingiza kwenye faili, akasema angalau faili limeanza kunona.

Mwezi wa nne mambo yakazidi kuharibika. Zabuni ya usafi ya benki ilitangazwa upya, Ng'aro Safi ikashindwa, na ikaja kampuni nyingine iliyojiita Mwanga Huduma. Mwanga Huduma hawakuwa watu wabaya. Walisema hawana haja ya kuleta wageni, wafanyakazi waliopo watabaki, ila kila mmoja atapaswa kuomba kazi upya kwa utaratibu. Esnath akaandika barua ya kuomba kazi aliyokuwa akiifanya. Akaitwa kwenye usaili, na usaili wenyewe ukafanyika katika chumba cha mikutano cha benki, ambacho alikuwa amekideki nusu saa kabla ili usaili ufanyikie mahali safi.

"Je, unayafahamu mazingira ya jengo hili?" akaulizwa na bwana mmoja aliyevaa miwani.

"Kiasi," akajibu Esnath.

"Ukiajiriwa, unadhani itakuchukua muda gani kuyazoea?"

Esnath akafikiri. "Nipeni mpaka saa nne."

Wakampa kazi. Sare ikabadilika kutoka kijani kuwa zambarau, ndoo zikabaki zile zile. Lakini alipopita tena kwa Danford kuuliza faili lake limefikia wapi, kijana alishika kichwa. Kwa mwajiri mpya, Esnath alikuwa katika kipindi cha majaribio.

"Mama, naona aibu kukwambia," akasema Danford. "Sasa hivi una siku kumi na mbili kazini."

Siku ile alipovuka barabara kurudi nyumbani, Esnath hakucheka. Alikaa kwenye baraza akiwa bado na sare ya zambarau, akaitazama nyumba kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alifikiria yadi ya mbao. Aliwaza pia kwamba pengine angemwambia Rejoice wakati wa likizo kwamba wanahama, na kwamba kuhama si jambo kubwa, watu wanahama kila siku. Alipoyapanga maneno hayo kichwani aliona hayana nguvu, akaingia ndani kuwasha jiko.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Esnath mwenyewe hakuwa akilihesabu kuwa ni kazi. Kwa miaka minane alikuwa akiwauzia watumishi wa benki chai ya saa nne. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda unga, akapika chapati na maandazi nyumbani, akavuka nayo barabara katika ndoo yenye mfuniko, na chai aliichemshia katika jiko dogo la benki, kwa gesi yake. Jumatano aliongeza viazi vya kuchemsha na kachumbari. Walikuwa watu kumi na wanne, pamoja na walinzi na dereva, na kila aliyehamia alikuta chai ipo, akadhani ni huduma ya benki kama kiyoyozi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, meneja wa tawi, Bi Hosiana, aliitisha kikao saa nne ili watu wanywe chai wakiongea. Bi Hosiana alikuwa mama mrefu, mkali wa sauti na laini wa moyo, na asubuhi hiyo sauti ndiyo iliyokuwa kazini. Ofisi ya benki ya mkoa, Njombe, ilikuwa imepiga simu tena. Tawi lilipangiwa kukopesha wanawake wajasiriamali arobaini kufikia mwezi wa sita, na mpaka siku hiyo walikuwa wamepatikana kumi na mmoja.

"Tumekwenda sokoni, tumekwenda stendi, tumekwenda mpaka kwa wauza nyanya," akasema Bi Hosiana. "Wanawake wa hapa hawataki kukopa. Sijui tuwatafute wapi. Mama Rejoice, niongezee chapati moja."

Esnath akaongeza chapati. Birika likiwa bado mkononi, akabaki amesimama pale.

"Samahani, meneja. Mjasiriamali ni mtu wa namna gani hasa?"

Bi Hosiana akamtazama Danford, na Danford, mdomo ukiwa na chapati, akaeleza kwa ufasaha. Ni mtu anayeuza kitu, akasema. Awe na wateja wa kudumu. Awe ameifanya biashara si chini ya mwaka. Awe na kumbukumbu za mauzo.

"Mimi nauza," akasema Esnath. "Wateja ninao kumi na wanne. Ni miaka minane sasa. Na daftari ninalo."

Mhasibu aliweka kikombe mezani polepole, kama anayegundua sasa hivi kimetoka wapi. Danford akameza.

"Lete daftari," akasema Bi Hosiana.

Yalikuwa madaftari saba, ya kurasa mia nne kila moja, mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Danford aliyapitia siku mbili. Kwenye orodha ya wanaolipa mwisho wa mwezi alikuta jina lake, na deni la maandazi ya wiki tatu, akafungua ukurasa uliofuata kwa haraka. Alipomaliza aliingia kwa meneja akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani. Chai na chapati, akasema, zinamwingizia mama Rejoice karibu mara mbili ya mshahara wa usafi. Ana mtiririko mkubwa wa fedha kuliko wale wateja wao watatu wa duka la simu. Na kama ni mjasiriamali, nyumba anaweza kuikopea kama mjasiriamali.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Bi Hosiana alikitoa kwenye kabati, kikiwa kimejalidiwa: kanuni iliyokataza mfanyakazi wa mkandarasi kufanya biashara yoyote ndani ya majengo ya benki. Kanuni hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili, na kwa miaka minane kati ya hiyo mameneja watano walikuwa wameila na kuinywa.

"Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba biashara yako ni nzuri," akasema Bi Hosiana, "kwa sababu kwanza itanibidi niifunge."

Aliifunga Ijumaa. Jumatatu, kwa idhini ya Mzee Zubeiri, Esnath aliweka benchi mbili na meza kwenye baraza la nyumba, na saa nne kamili watumishi wa benki wakavuka barabara wakiwa wameshika tai zisipeperushwe na upepo. Walilalamika wiki moja, kisha wakazoea, kwa kuwa chapati za barazani zilitoka jikoni zikiwa za moto, jambo ambalo ndani ya ndoo halikuwahi kutokea. Lakini baraza lilionekana na watu wengine pia. Mafundi wa gereji wakaja. Wakaja matingo wa malori ya Tunduma. Wiki ya tatu Esnath alikuwa akipika unga mara tatu ya ule wa zamani, na wakati chapati zinahitajika, yeye yuko ng'ambo anadeki.

Ikabidi amwite wifi yake Tabea kutoka Igwachanya. Tabea alikuja na begi dogo na mikono yenye nguvu, akaonja chapati, akasema zinahitaji chumvi, akaanza kazi saa ile ile. Jioni, wakiosha masufuria, akauliza:

"Wifi, na mimi hapa nitakuwa wa muda gani?"

"Tuanze na miezi mitatu," akasema Esnath, "halafu tuone."

Maneno yalitoka yenyewe, laini, kama yaliyochapwa. Esnath akaduwaa na sufuria mkononi. Tabea hakuona chochote cha ajabu, akaitikia haya na kuendelea kusugua. Usiku ule Esnath alijigeuza kitandani mara nyingi. Asubuhi alimwambia wifi yake kwamba akae tu, habari ya miezi waiache. Tabea akashangaa kwa nini jambo lenyewe linarudiwa.

Mwezi wa nane alikuja mkaguzi wa mikopo kutoka Njombe, bwana Jofrey, na kamera na fomu ya kurasa sita. Alimpiga picha Esnath akiwa amesimama kando ya jiko, akampiga Tabea, akapiga benchi, akasoma barua ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara. Aliuliza wateja wakuu ni akina nani.

"Hao," akasema Esnath.

Ilikuwa saa nne. Bi Hosiana alikuwa akivuka barabara, nyuma yake Danford, mhasibu na dereva. Bwana Jofrey aliwapa mikono wote, akaandika kwenye fomu kwamba biashara ina wateja wa uhakika wenye ajira ya kudumu, kisha akakaa akala chapati nne na kulipa.

Jibu lilitoka wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mkopo wa milioni tisa, miaka kumi, dhamana nyumba yenyewe. Danford ndiye aliyemjazisha fomu ya mwisho. Walifika kwenye mstari uliouliza kama mwombaji ana kazi nyingine, na Esnath akaweka kalamu kuandika.

Danford akazuia mkono wake taratibu. "Hapo acha wazi, mama. Ukiandika usafi, makao makuu Dar watauliza mkataba, watakuta wa miezi mitatu, watairudisha fomu yote. Waache wajue chapati tu."

Esnath akautazama mstari ule mtupu. Miaka tisa ilienea humo, na pakabaki nafasi. Hakutaka kumuumiza kijana ambaye alikuwa amemhangaikia kuliko ndugu. Akaruka mstari, akatia sahihi chini. Wakapeana mikono, Danford akamwita mteja wetu, na wote wawili wakaona haya. Kisha Esnath akavaa glavu, kwa sababu ilikuwa zamu ya kudeki chumba cha mikopo.

Mzee Zubeiri alilipwa siku kumi baadaye. Walitia sahihi mbele ya mwanasheria, Nasma akalia kidogo, akamwachia Esnath kinu na kabati la vyombo lisilotosha kwenye lori. "Sasa huna wa kumwita baba mwenye nyumba," akamtania mzee akipanda, na lori likaondoka kuelekea Iringa.

Mvua za kwanza zilinyesha mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na Rejoice alikuwa nyumbani kwa likizo. Mchana, katikati ya kunywa uji, tone likaanguka juu ya meza. Likafuata jingine. Rejoice akanyanyua macho, akaona bati limetoboka karibu na mwamba.

"Mama, paa linavuja. Mwambie mwenye nyumba."

"Nimeshaambiwa," akasema Esnath.

Akasogeza bakuli chini ya tone, akakaa akilisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale hapakuwa na mlango wa kwenda kugonga wala mzee wa kulalamikia. Mvua ilipopungua akachukua pochi na mwavuli, akamwambia Tabea aangalie maandazi yasiungue, akatoka kwenda dukani kuuliza bei ya bati moja la geji ishirini na nane. Njiani alikuwa na hasira ya kweli juu ya lile bati, na hasira hiyo aliipenda.